Ngome ya Wartburg na Mtu Aliyefichwa Ndani Yake



Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili aliniomba niandike habari za safari yangu ya Ujerumani. Nilikwenda kule kwa mafunzo ya kazi ya miezi minne, na niliyoyaona ni mengi, lakini nikiyaeleza yote gazeti halitatosha. Kwa hiyo nimechagua mahali pamoja tu, yaani ngome ya kale iliyo juu ya mlima, na mtu mmoja aliyefichwa ndani yake miaka mia tano iliyopita. Mtu huyo ni Martin Luther.

Najua ya kuwa jina lake kwa wengine wetu ni jina la sifa, na kwa wengine ni jina la ugomvi. Sisi wa Uganda twajua habari hizo, maana pale Kampala kanisa kuu la Namirembe na lile la Rubaga yanatazamana, kila moja juu ya kilima chake, na mwaka wa 1892 wafuasi wa pande hizo mbili walipigana vita pale Mengo. Mimi sikusudii kuamua neno la dini. Nataka kusimulia maisha ya mtu huyo, na kazi aliyoifanya katika chumba kimoja kidogo, kwa kuwa kazi ile yatuhusu sisi tunaosoma na kuandika Kiswahili.

Ngome yaitwa Wartburg. Iko katikati ya Ujerumani, katika jimbo la Thüringen, juu ya mji wa Eisenach. Nilishuka katika gari la moshi asubuhi moja ya mwezi wa Septemba, nikainua macho, nikaiona imekaa juu ya mgongo wa mlima kama meli iliyoachwa na maji. Mlima wenyewe si mkubwa kwa mtu aliyezoea kuona Elgon, maana kilele chake ni mita 411 tu juu ya bahari, lakini mbavu zake ni kali na zimefunikwa na msitu. Wageni wavivu hupanda kwa basi, na watoto hupandishwa kwa punda, desturi ambayo watu wa pale huipenda sana. Mimi nilikwenda kwa miguu, nikatweta zaidi ya nusu saa.

Nilipofika juu nilifahamu mara moja kwa nini watu wa kale walipachagua mahali pale. Chini ya mlima ilipita njia kuu ya wafanya biashara waliotoka Frankfurt kwenda Erfurt na Leipzig, na mwenye kukaa juu humwona kila apitaye. Masimulizi ya kale husema ya kuwa ngome ilianzwa mwaka wa 1067 na bwana mmoja aliyeitwa Ludwig Mrukaji. Aliupenda mlima ule, lakini haukuwa mali yake. Basi akawaamuru watu wake wabebe udongo kutoka katika shamba lake mwenyewe na kuumwaga kileleni. Aliposhtakiwa, askari wake kumi na wawili walichomeka panga zao katika udongo ule, wakaapa ya kuwa bwana wao amesimama juu ya ardhi yake. Pengine ni hadithi tu. Lakini mwaka wa 1080 ngome ilikwisha kutajwa katika maandishi, na jumba lake kubwa, lenye orofa tatu na safu za nguzo ndogo za mawe, lilijengwa katika karne ya 12. Mpaka leo limesimama, na wajuzi wa majengo hutoka mbali kuja kulitazama.

Kabla sijafika kwa Luther imenipasa kumtaja mwanamke mmoja. Mwaka wa 1211 aliletwa hapa mtoto wa miaka minne, jina lake Elisabeth, binti wa mfalme wa Hungaria, ili alelewe na kuolewa katika ukoo wa mwenye ngome. Akaolewa mwaka wa 1221. Mwaka wa 1226 ilipoingia njaa, naye mumewe yu safarini, Elisabeth alifungua maghala akawalisha maskini, akajenga na nyumba ya wagonjwa chini ya ngome. Mwaka uliofuata mumewe alikufa akiwa njiani kwenda vitani, naye akaondoka Wartburg. Alikwenda Marburg akawauguza wagonjwa kwa mikono yake mwenyewe, akafa mwaka wa 1231 akiwa na miaka 24 tu. Miaka minne baadaye Papa alimtangaza kuwa mtakatifu. Katika ngome kiko chumba kilichopambwa kwa vijiwe vidogo vya rangi na dhahabu, kazi ya mwanzo wa karne ya 20, kionyeshacho maisha yake. Wakatoliki na Waprotestanti nimewaona wakisimama humo pamoja, wote kimya.

Sasa nije kwa Luther. Alizaliwa tarehe 10 Novemba 1483 katika mji wa Eisleben. Baba yake, Hans, alikuwa mwana wa wakulima, akahamia Mansfeld kufanya kazi ya shaba, akajitahidi mpaka akawa na tanuri za kuyeyushia madini. Kama baba wengi wa kwetu, alitaka mwanawe asome awe mwanasheria ili alete heshima nyumbani.

Wanafunzi, sikilizeni shule za siku zile zilivyokuwa. Masomo yote yalikuwa kwa Kilatini. Katika shule hizo mwanafunzi mmoja aliwekwa awe mpelelezi wa wenzake, naye aliitwa mbwa mwitu. Kazi yake ilikuwa kuandika majina ya watoto waliosema Kijerumani, yaani lugha ya mama zao, na mwisho wa juma walioandikwa walichapwa. Tena aliyekuwa mjinga kuliko wenzake alivikwa mfano wa punda. Luther alipokuwa mtu mzima alisimulia ya kuwa asubuhi moja alipigwa mara 15 kwa jambo ambalo hakuwa amefundishwa.

Mwaka wa 1498 alipelekwa Eisenach, maana mama yake alikuwa na jamaa pale. Ilikuwa desturi ya wanafunzi kupita mitaani wakiimba milangoni mwa watu ili wapewe mkate, na Martin naye aliimba. Baadaye watu wenye nafasi walimpokea nyumbani kwao. Alikaa pale mpaka mwaka wa 1501, na miaka ile yote ngome ya Wartburg ilikuwa juu ya kichwa chake, mahali pa mabwana, ambapo mtoto mwombaji hakuwa na neno la kufanya.

Akaenda chuo kikuu cha Erfurt, akapata shahada. Lakini tarehe 2 Julai 1505, akiwa njiani, radi ilipiga karibu naye, akaogopa kufa, akaweka nadhiri ya kuwa mtawa. Baba yake alikasirika sana. Martin hakurudi nyuma. Mwaka wa 1507 akawa padre, na mwaka wa 1512 akawa daktari wa elimu ya dini, akafundisha chuo kikuu cha Wittenberg.

Tarehe 31 Oktoba 1517 alitoa hoja 95 za kupinga uuzaji wa vyeti vya rehema. Hoja zile zilipigwa chapa zikaenea Ujerumani yote. Mambo yakawa makubwa. Mwezi wa Januari 1521 Papa alimtenga na Kanisa, na mwezi wa Aprili aliitwa mbele ya Kaisari Karl wa Tano na wakuu wa nchi katika mji wa Worms. Aliamriwa akane vitabu vyake. Aliomba siku moja ya kufikiri, kisha akakataa. Ndipo ikatolewa amri ya Kaisari ya kuwa mtu huyo hana tena ulinzi wa sheria. Asipewe chakula wala malazi, vitabu vyake vichomwe, na awezaye kumkamata amkamate.

Alikuwa na rafiki mmoja mwenye nguvu, Friedrich, mtawala wa Saksonia. Friedrich hakuweza kumtetea waziwazi, basi akatumia hila. Tarehe 4 Mei 1521 Luther alikuwa akirudi nyumbani kwa gari la farasi, akipita katika msitu wa Thüringen. Ghafula walitokea wapanda farasi wenye silaha, wakalisimamisha gari, wakamshika, wakaenda naye. Mtawa mmoja aliyefuatana naye aliruka akakimbilia msituni. Habari zikaenea ya kuwa Luther amekamatwa, na wengi wakadhani amekwisha kuuawa. Kumbe wale walikuwa watu wa Friedrich, na Luther mwenyewe alikuwa amekwisha kudokezwa. Walimzungusha msituni mpaka usiku ili kupoteza nyayo, na karibu na saa tano ya usiku wakaingia katika lango la Wartburg. Hivyo yule mtoto aliyeimba chini ya mlima akapanda juu yake, akiwa mtu anayetafutwa na dola nzima.

Mkuu wa ngome, Hans von Berlepsch, alimvua mavazi ya utawa akamvika nguo za askari mwungwana. Akaambiwa afuge nywele na ndevu, avae upanga, na ajiite Bwana Jörg. Majuma ya kwanza hakutoka chumbani, mpaka nywele zilipomfunika ule upara wa kitawa.

Msidhani ya kuwa maisha yale yalikuwa mazuri. Tumbo lilimsumbua, usingizi ulimpaa, na upweke ulimwingia. Baadaye alisimulia ya kuwa usiku alisikia kama mtu anatupa kokwa darini, naye alisadiki ni shetani. Siku moja walimchukua kuwinda ili apate kuburudika. Mbwa walimfukuza sungura, na Luther kwa huruma akamficha mnyama yule katika mkono wa joho lake. Haikufaa kitu, maana mbwa walimnusa wakamng'ata papo hapo ndani ya nguo, akafa. Kwake mambo ya uwindaji yakawa mfano mchungu wa wanyonge wanavyosakwa ulimwenguni. Nadhani alijiona yeye mwenyewe katika sungura yule.

Mapema mwezi wa Desemba alitoroka kwa siri akaenda Wittenberg kuwaona rafiki zake, nao wakamhimiza aitafsiri Biblia kwa Kijerumani. Aliporudi katika ngome alianza na Agano Jipya. Na hapa, wadogo zangu, chukueni kalamu mpige hesabu. Agano Jipya lina sura 260, naye alimaliza kuandika kwa muda wa majuma 11 hivi, yaani zaidi ya sura tatu kila siku, katika baridi kali, kwa kalamu ya unyoya.

Hakuwa wa kwanza. Biblia za Kijerumani zilikwisha kupigwa chapa tangu mwaka wa 1466, na kabla yake zilikuwapo namna 18. Lakini zile zilitafsiriwa kutoka Kilatini na kukifuata kama kivuli, hata msomaji wa kawaida alijikwaa kila mstari. Luther alikwenda kwenye Kiyunani, lugha ya asili ya kitabu, akitumia chapa ya mwaka wa 1519 ya mwalimu Erasmus. Tena Ujerumani ya siku zile ilikuwa na lahaja nyingi, hata mtu wa kaskazini hakumwelewa wa kusini. Akachukua lugha ya makarani wa Saksonia, iliyokuwa ikieleweka pande nyingi, akaitia maneno ya akina mama nyumbani, ya watoto njiani na ya watu wa sokoni. Neno asilolijua alilitafuta kwa mwenye kulijua. Aliuliza majina ya vito na ya fedha za kale, na husimuliwa ya kuwa alipofika kwenye habari za sadaka katika Agano la Kale alichinjisha kondoo, akamwomba mwuza nyama amtajie kila kiungo.

Tarehe 1 Machi 1522 aliondoka Wartburg bila ruhusa ya Friedrich, kwa kuwa Wittenberg kulikuwa na fujo. Alikuwa amekaa katika ngome miezi kumi kasoro siku chache. Akaonyesha maandishi yake kwa rafiki yake Melanchthon, mjuzi wa Kiyunani, wakayasahihisha pamoja. Mwezi wa Septemba kitabu kilitoka, nakala kadiri ya 3,000, na ingawa bei yake haikuwa ndogo kilikwisha upesi, hata mwezi wa Desemba kikapigwa chapa tena. Biblia nzima ikatoka mwaka wa 1534. Watoto wa Kijerumani walijifunza kusoma kwa kitabu kile, na watu waliokuwa wamegawanyika kwa lahaja wakapata lugha moja ya kuandikia. Luther hakuiumba lugha ile, lakini aliipa nguvu na heshima ambayo haikuwa nayo.

Maisha yake yaliyobaki nitayapita upesi. Mwaka wa 1525 alimwoa Katharina von Bora, aliyekuwa mtawa, wakazaa watoto sita. Wala si haki nifiche makosa yake. Mwaka ule ule wakulima walipoasi kwa ajili ya dhuluma, aliandika maneno makali ya kuwataka watawala wawaue, na maelfu waliuawa. Mwaka wa 1543 aliandika juu ya Wayahudi maneno ya chuki, ambayo watu waovu waliyatumia miaka mia nne baadaye, na makanisa yenye jina lake yameyakataa. Kalamu ile ile iliyofanya mema ilifanya na mabaya. Akafa tarehe 18 Februari 1546, katika Eisleben alikozaliwa.

Ngome nayo ilizeeka ikaanza kubomoka. Tarehe 18 Oktoba 1817 wanafunzi kadiri ya 500 kutoka vyuo vya Ujerumani walikusanyika pale kudai nchi yao iwe moja, ingawa jioni wengine wao walichoma vitabu, jambo lisilowapasa wanafunzi. Katika karne ile ile ilitengenezwa upya, na mwaka wa 1999 shirika la UNESCO liliitia katika orodha ya urithi wa dunia.

Basi mgeni aendaye leo ataona nini? Atapita langoni, atatembea katika ua mwembamba wenye nyumba za mbao na chokaa, ataingia katika jumba kubwa na ukumbi wake wa juu wenye dari iliyopambwa. Akipanda mnara wa kusini ataona msitu wa kijani kibichi mpaka macho yachoke. Lakini watu wengi huharakisha kwenda chumba cha Luther. Mimi nilitazamia kitu kikubwa. Nikakuta kuta za mbao tupu, meza moja, kiti, jiko la vigae, na pingili ya uti wa mgongo wa nyangumi ya kuwekea miguu. Hata meza si ile ya kwanza, maana wageni wa zamani waliichongachonga vipande vya ukumbusho mpaka ikaisha. Zamani lilionyeshwa na doa la wino ukutani, wakasema Luther alimtupia shetani kidau cha wino. Doa hilo nalo limekwanguliwa na wageni, halipo.

Nilikuwa nimesimama pale na Kijerumani changu cha kubabaisha, mzee mmoja mwonyeshaji akaniuliza natoka wapi, nami nikamwambia Uganda. Akaniuliza nyumbani kwetu twasoma kwa lugha gani. Nikajibu Kiingereza. Akauliza tena, kwa upole, baba yangu alisoma kwa lugha gani. Hapo nilinyamaza.

Nitawaambieni kwa nini. Baba yangu alifanya kazi ya reli Tororo, kati ya watu wa makabila mengi, na lugha ya nyumba yetu ilikuwa Kiswahili. Katika shule ya msingi niliyosoma, aliyesikika akisema lugha isiyo Kiingereza alitundikwa kibao shingoni kwa kamba, akakivaa mpaka amkamate mwenzake. Mimi nilikivaa mara nyingi, na wenzangu walinicheka mara mbili, kwa kuwa walisema Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Siku moja ya kutembelewa na wazazi, baba alifika na nguo zake za kazi, akaniita kwa Kiswahili kwa sauti kubwa mbele ya watoto wote. Nikageuza uso kana kwamba simjui. Alisimama kidogo, akaacha mfuko wa karanga kwa mwalimu, akaenda zake. Hakulitaja jambo lile mpaka alipofariki, wala mimi sikupata ujasiri wa kumwomba radhi.

Ndiyo sababu nilikaa katika chumba kile kuliko wageni wengine. Mtoto aliyesoma katika shule za mbwa mwitu alikuja hapa akiwa mtu mzima, amefichwa, hana hata jina lake, akaichukua lugha ile ile waliyochapiwa watoto akaifanya kitabu. Na kazi ya namna hiyo imefika hata kwetu. Mjerumani Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na mwaka ule ule akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Hapa Uganda, Pilkington na Henry Wright Duta waliitoa Biblia ya Kiganda mwaka wa 1896.

Sisemi muache Kiingereza. Luther alijua Kilatini vizuri kuliko wengi, na asingalijua Kiyunani asingaliweza kazi yake. Nasema hivi: mkijifunza jambo darasani, liwe la elimu ya mimea au la hesabu, jaribuni jioni kuliandika kwa Kiswahili mpaka mtu asiyekwenda shule alielewe. Mtaona ni kazi ngumu kuliko mtihani. Mimi nimeanza kwa makala hii. Nimeiandika kwa lugha ya baba yangu, na kama angalikuwapo angaliisoma mwenyewe.

Nawaaga kwa heshima, ndugu yenu, mwanafunzi wa zamani.